Fundi Pindo na Gia ya Mkono

Kuku walikuwa wameihamia pikipiki ya marehemu mjomba kwa muda mrefu hata wakaamini ni yao. Jogoo alilala kwenye usukani, matetea kwenye siti, na mmoja mwenye kiburi kuliko wote alikuwa akitagia ndani ya taa ya mbele iliyopasuka kioo. Siku Fundi Pindo alipofika na ufagio kuwatoa, walimtazama kama mpangaji sugu anavyomtazama mwenye nyumba.

"Haya, tokeni," aliwaambia. "Mmekaa bure vya kutosha."

Fundi Pindo alikuwa mshonaji. Jina hilo alipewa na wateja kwa jinsi alivyokunja pindo la gauni: unaweza kuutafuta uzi wake mchana kutwa, macho yakuume, usiuone. Mguu wake wa kushoto ulikakamaa gotini utotoni baada ya homa kali, na tangu hapo haukukunjika tena. Akiketi, unanyooka mbele yake kama mpini wa jembe. Cherehani aliikanyaga kwa mguu wa kulia peke yake, na kwa mguu huo mmoja alivisha mtaa mzima, kuanzia mabibi harusi mpaka mabwana wenye matumbo ambao suruali hazikubali kukaa kiunoni.

Alichokosa ni mwendo wake mwenyewe. Kila alikotaka kwenda alibebwa. Kaka yake mkubwa alimbeba mgongoni wakiwa watoto, akaja kumbeba kwenye baiskeli, na alipokuwa dereva wa lori akambeba kwenye lori. Kaka alikuwa na moyo mweupe kabisa, lakini saa ya kuondoka aliipanga yeye. Sherehe ikianza kunoga, kaka anatikisa funguo. Maongezi na shoga yakifika pale penyewe hasa, honi inalia nje. Na dukani kwa vitambaa hakumpeleka kabisa. "Kule kuna msongamano, wewe niambie rangi, nitakuletea." Fundi Pindo akaagiza buluu. Kaka akaleta zambarau, akaapa kwa kaburi la mama yao kwamba ile ndiyo buluu.

Sasa hiyo pikipiki. Ilikuwa ya Kijapani, ya zamani, ile aina ndogo yenye fremu iliyobonyea katikati, ambayo mtu haipandi kwa kurusha mguu, anapita tu kama anaingia mlangoni. Haina klachi ya mkono. Unakanyaga gia kwa mguu wa kushoto na kazi imekwisha. Mjomba alikuwa bwana mifugo, na kwa pikipiki ile alizunguka kote akidunga ng'ombe sindano. Siku moja alivuka nayo mto uliofurika akiwa amembeba beberu mgonjwa nyuma. Maji yalimfika mjomba kifuani, injini haikuzima, na beberu ndiye aliyekuwa akimwelekeza: akivuta pembe kushoto, mjomba anakata kushoto. Wanaobisha wabishe. Beberu mwenyewe hakukanusha mpaka anakufa.

Kabla ya kuaga dunia, mjomba alimnyooshea kidole Fundi Pindo mbele ya ukoo na kusema, "Pikipiki ni ya huyu." Watu wakatazamana, wakatazama mguu, wakasema ni homa inayoongea.

Miaka ikapita. Kaka akataka ile kona ya uani ajenge chumba cha kupangisha. Akamwita jamaa wa vyuma chakavu, wakapatana aje na mkokoteni mwisho wa mwezi. Hapo ndipo Fundi Pindo alipoweka chini mkasi.

"Ile ni yangu, kaka. Nitaitengeneza na nitaipanda."

Kaka alicheka mpaka akajishika mbavu. "Wewe? Na gia utaikanyaga kwa nini, kwa ulimi?"

"Ulimi nautumia kukujibu wewe. Gia nitaitafutia kitu kingine."

"Basi sikiliza, mdogo wangu. Siku jamaa akifika, pikipiki ikitoka langoni kwa pumzi zake yenyewe, na wewe ukiwa juu yake, itakaa hapa uani mpaka kiama. Isipotoka, inapanda mkokoteni, na sitaki kusikia kilio."

"Nimesikia mimi," alisema wifi kutoka jikoni. Wifi ni mke wa kaka, mwanamke mwenye mdomo unaoweza kumenya viazi. "Mume wangu, hilo neno nimelishika. Ukiligeuza utalala na kuku, maana nao hawatakuwa na pa kulala."

Kazi ikaanza. Fundi Pindo hakuwahi kufungua injini, lakini gauni la harusi lililoharibiwa na fundi mwingine alikuwa amelifumua mara nyingi, akalishona upya. Akasema, kitu kilichounganishwa na binadamu kitafumuliwa na binadamu. Alitandaza shuka kuukuu uani, na kila alichofungua alikiweka mahali pake, akakichora pembeni kwa chaki ya kukatia. Boliti zote alizishona kwenye shuka kwa uzi, kitanzi kimoja kimoja, kama vifungo. Kaka alirudi safarini akakuta injini nzima imeshonewa.

"Dada, unaitengeneza au unaishonea kanzu?"

"Pita pembeni, usinikanyagie mkono wa kushoto wa kabureta."

Pistoni ilikuwa imekwama kabisa. Akamimina mafuta ndani kupitia tundu la plagi, akaiacha inywe, akarudi kwenye cherehani. Kila akimaliza gauni moja anaijaribu. Ilikataa gauni hili na lile, na siku aliyomaliza sare za kwaya ikalegea yenyewe, ikashuka kwa mguno kama mzee anayeketi. Kabureta aliichemsha, akaisugua kwa mswaki, na vile vitundu vyake vyembamba akavipitisha uzi wa nailoni mpaka vikaona mwanga. Siti aliivika turubai, mshono mara mbili, na mshipi mwekundu ukingoni. Rangi ya tangi na mabawa ya matairi aliichagua wifi, manjano ya kiini cha yai.

"Hii rangi ya kelele yote ya nini?" kaka aliuliza.

"Ya madereva wa malori," wifi alijibu. "Mna macho mabovu, muione mapema."

Ukabaki mguu. Plastiki ya mbele inayokinga miguu ingemzuia, maana mguu wake ulitaka kunyooka. Akaipima kwa futi ya kitambaa, akachora mviringo kwa chaki, akaikata upande wa kushoto kwa msumeno kama anavyokata kwapa la blauzi. Halafu akajikongoja mpaka kwa mchomeleaji wa jirani, akamwekea mbele mchoro aliouchora kwenye karatasi ya kukatia: kikanyagio kirefu cha mbele cha kuegeshea mguu, na chuma cha kupanda kutoka kwenye gia mpaka ubavuni mwa tangi, chenye mpini wa kushika.

Mchomeleaji aliinua miwani. "Gia ya mkono? Sijawahi kuona pikipiki hii ikiwa na gia ya mkono."

"Na mimi sijawahi kukuona ukinyoa ndevu, lakini siwezi kusema haiwezekani."

Mchomeleaji akachoma. Alipomaliza aliuvuta ule mpini mbele, gia ikaingia klak. Akauvuta nyuma, ikatoka. Akauvuta tena na tena huku akitabasamu peke yake, hata Fundi Pindo akamnyang'anya.

Siku ya kuiwasha, mtaa ulijaa uani kama kuna mazishi ya tajiri. Kaka alikuwepo, mikono nyuma. Kuna waliouliza mlemavu atapigaje kiki. Fundi Pindo akausimika mguu wa kushoto ardhini, na mguu usiokunjika ni nguzo hasa, hautetemeki, akaipiga kiki kwa ule wa kulia uliokanyaga cherehani maisha yake yote. Mara moja, kimya. Mara ya pili ikakohoa. Ya tatu ikawaka, na moshi ukatoka mweupe, mzito, ukaruka ukuta. Nyumba ya nne walianua nguo wakidhani ni mvua, na kunguru mmoja aliyekuwa akipita juu alionekana akirudi kinyumenyume.

Watu wakapiga vigelegele. Wifi akaanza kucheza na sufuria mkononi.

Lakini Fundi Pindo hakucheka. Alikuwa ameinamisha sikio. Chini ya ngurumo ile kulikuwa na kijisauti kinachopanda, kikavu, chembamba, na alikijua: cherehani iliyokosa mafuta hulia hivyohivyo. Akazima papo hapo. Juu ya injini palikuwa pa moto hata mate aliyoyatemea pale yaliruka.

"Nilisema," kaka alisema taratibu, na kwa kweli hakufurahi. "Imekufa. Jamaa anakuja Jumamosi. Usijiumize moyo, dada."

"Moyo wangu uache. Hebu nipishe mwanga."

Aliifungua tena palepale, mbele za watu, wala hakusubiri waondoke. Oili chini ilikuwepo, lakini juu kulikuwa kukavu kabisa. Akaifuata njia ya oili kwa kidole, tundu baada ya tundu, mpaka akafika kwenye gasketi, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya chuma na chuma oili isivuje. Alikuwa ameikata mwenyewe kwa mkasi wake. Na tundu la oili alikuwa amelikata dogo.

Akalitazama. Akaanza kucheka.

"Nini?" wifi aliuliza.

"Nimekata kama shingo ya gauni! Shingo unaikata ndogo, mteja akivaa ndipo unaipanua. Sasa hii nani aliivaa? Nimeikaba koo mwenyewe, nikaiambia imba!"

Watu wakacheka, wengine kwa kumcheka. Mmoja akasema ndiyo matokeo ya mtu wa sindano kuingilia spana. Fundi Pindo akainua ile karatasi juu wote waione. "Nimekosea mimi, si mguu wangu. Mguu haukushika mkasi. Kama kuna anayetaka kusema zaidi aseme sasa, kesho nina kazi."

Akakata gasketi nyingine, safari hii tundu sawa na tundu, bila akiba ya unywele. Pale chuma kilipokwaruzika akapasugua kwa msasa laini hata kucha ikipita haikwami. Akafumua boliti zake kutoka kwenye shuka, akafunga.

Jumamosi jamaa wa vyuma chakavu alifika, akaegesha mkokoteni nje ya lango, akakaa juu yake akichokonoa meno. Fundi Pindo alikuwa tayari juu ya siti, mguu umenyooka kwenye kikanyagio chake, mkono kwenye mpini. Injini ilinguruma chini kwa chini, bila moshi wa kutisha, bila kijisauti. Katikati ya lango alisimama kaka, mikono ameitandaza.

"Imewaka, dada. Nimeona. Umeshinda. Zima sasa, irudishe ndani, hakuna atakayeigusa tena. Chumba nitajenga pengine."

"Ulisema itoke, na mimi nikiwa juu."

"Utaanguka."

"Nitaanguka. Wewe lori umelilaza mtaroni mara mbili, nani alikwambia ukae nyumbani?"

"Mimi nina miguu miwili!"

Neno likamtoka, na likishatoka halirudi. Jamaa wa vyuma akaacha kuchokonoa meno.

"Unayo," Fundi Pindo alisema. "Na yote miwili imesimama kwenye njia yangu."

Sauti ya kaka ikashuka. "Nimekubeba tangu una kimo cha ndoo. Sijawahi kukuangusha hata siku moja."

"Hujawahi, kaka. Ndiyo maana mgongo wako naujua kuliko uso wako. Nimeutazama miaka yote. Leo utazame wangu."

Mikono ya kaka ikashuka yenyewe, mmoja kwanza, halafu mwingine. Akapisha. Hakupisha sana, alipisha upana wa pikipiki na unywele mmoja.

Fundi Pindo akavuta mpini mbele. Klak. Pikipiki ikaruka kidogo kama mbuzi aliyeguswa kiuno, usukani ukayumba, wifi akafumba macho, halafu tairi likanyooka na manjano yote yale yakatoka langoni, yakaupita mkokoteni, yakashika barabara.

"Mama," jamaa wa vyuma alimuuliza wifi, "sasa mimi nimekuja kuchukua nini?"

"Chukua mume wangu, amebaki."

Lakini kaka hakubaki. Alikuwa anakimbia nyuma ya pikipiki, kandambili moja imeshatoka, akipiga kelele na mkono hewani. "Ya pili! Weka gia ya pili! Injini inalia, dada! Ya pili!"

"Nimekusikia!" Fundi Pindo alipaza sauti bila kugeuka.

"Basi weka!"

"Nitaweka nikitaka!"

Na hakuweka. Aliiacha ilie na gia ya kwanza barabara nzima, watu wakichungulia madirishani, mbwa wakimpisha, kaka akihema nyuma na ushauri wake wote wa miaka ishirini ya udereva. Alipofika kwenye kona ya mashine ya kusaga, akakata kushoto, njia ya maduka ya vitambaa. Hapo ukuta ukamficha. Kelele za kaka zikawa mbali, zikawa maneno yasiyoeleweka.

Ndipo alipovuta mpini, akaweka ya pili.