Dumu Lililomo Ndani ya Kudumu

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya ofisi moja Newala. Mbele yangu, fundi wa kompyuta, dada kutoka Mkomaindo aliyezoea kuja kwa mikataba ya miezi sita, alikuwa amepewa barua ya ajira ya kudumu, kituo hapohapo. Kalamu aliizungusha tu.

“Weka saini, mwanangu,” alihimiza mama wa masjala. “Mkataba ukiisha utakula kompyuta?”

“Sawa, mama. Lakini hapa maji mnapata lini?”

Mama akachungulia chini ya meza yake. Madumu matatu ya maji, yote matupu.

Dada akacheka, akasaini. “Na dumu langu niliweke wapi?”

Miaka yote naandika neno kudumu, sikuwahi kuliona dumu lililomo ndani.