Kanga ya Mama na Mtihani wa Kupinduka

Nina umri wa kuitwa bibi, na ofisini kwetu Al Khuwair watu wazima huniomba ruhusa hata ya kwenda kung'oa jino. Nyumbani Al Amerat, mwenye kuomba ruhusa ni mimi. Mama alipoiona kayaki yangu ya kuvulia samaki imefungwa juu ya gari, alilizunguka gari zima, kisha akatoa hukumu.

"Siku utakayopinduka ukapanda mwenyewe, nami nnakuona kwa macho yangu, ndo nitakupa radhi. Ukishindwa, liuze hilo dude."

Bila radhi yake nisingeingia baharini, na kuiuza sikutaka. Nikajiandikisha kwenye mafunzo ya uvuvi wa kayaki na usalama. Siku ya mtihani wa kujipindua na kupanda tena nikampakia Mama garini, na kiti chake cha kukunja na chupa ya chai ya maziwa. Nilivaa nguo ya kuogelea ya stara, toka utosini mpaka vifundoni. Haikumtosha.

"Ikilowa itakubana," alisema, akachomoa kanga mkobani. "Jifunge hii."

Nikajifunga. Nani katika sisi amewahi kubishana na kanga ya mamake?

Mkufunzi wetu alikuwa mwanamke wa Kisumu mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alikuwa ametufundisha kufunga kafi kwa kamba lisipotee, kuziweka ndoana mbali na mwili, kupuliza firimbi ukihitaji msaada. Jambo moja alilirudia mpaka tukalichoka: usiingie majini bila mtu wako wa nchi kavu, yaani mtu anayejua umeelekea wapi na utarudi saa ngapi, na atakayeita msaada ukichelewa.

Asubuhi ile aliitazama kanga yangu. "Madam, hiyo leso itakusumbua."

"Haitanisumbua," nikamjibu. Ubishi nimezaliwa nao.

Nikaisukuma kayaki majini, nikapanda, nikajipindua. Nikaigeuza kayaki ikakaa sawa, nikapiga miguu ili nijitupe juu yake kifudifudi. Kanga ikanizonga magotini, nikateleza, nikarudi majini. Nikajaribu tena, ikanizonga tena, na maji ya chumvi yakanijaa puani. Vijana wa kiume wa Al Khoudh niliosoma nao mafunzo hayo, wote wameshafaulu, waligeuza nyuso kwa adabu. Adabu ile iliniudhi kuliko kama wangecheka. Nilijua fika cha kuvua ni kipi. Lakini aliyenivika alikuwa pale mchangani ananitazama, na mimi, mkuu wa idara, sikuwa na ubavu wa kuvua. Nililia kwa hasira, bahati nzuri uso ulikuwa umeshalowa.

Ndipo Mama akainuka kitini. Akavua viatu, akaingia majini na buibui lake mpaka magotini, yeye ambaye kila tukija ufukweni hukaa mbali wimbi lisimfikie.

"We mtoto! Ivue hiyo kanga uniletee! Stara unayo tele. Nnataka upande!"

Nikaifungua, nikamsogezea. Nikarudi kwenye kayaki, nikapiga miguu kwa hasira zangu zote, tumbo likafika juu, nikajigeuza, nikaketi. Nimeketi! Nikalinyanyua kafi na kupiga ukelele usiofanana kabisa na cheo changu. Nilijivuna, na sioni haya kusema. Hata nilipopandishwa cheo sikufurahi vile.

Mkufunzi akanipungia mkono, akaniuliza swali ambalo kila aliyefaulu aliulizwa. "Umepita, madam! Sasa, mtu wako wa nchi kavu ni nani?"

Nikamtupia Mama jicho. Mama alikuwa ameahidi radhi tu. Kumkalisha akihesabu saa na kunisubiri lilikuwa jambo jingine, nami sikuthubutu kumtaja. Yeye alikuwa akiikamua kanga, wala hakuinua kichwa.

"Mie hapa," akasema, angali amesimama ndani ya maji.