Dulamsuren Ajifunza Kujisifu Ili Amwone Mwanawe

Saa kumi na mbili asubuhi. Upepo wa Aprili unakata masikio, lakini Dulamsuren, mama wa miaka hamsini na sita, ana jasho usoni. Amemlaza beberu chini, amemfunga miguu, na anamchana sufu laini kwa kitana cha chuma.

"Tulia wewe mzee! Kelele zote hizi, kwani na wewe umenyimwa viza?" anamwambia, kisha anacheka hadi kazi inasimama.

Mwezi uliopita asingeweza kucheka hivyo. Mwanawe wa pekee, Davaajav, fundi wa kuchomelea vyuma huko Ulaya, ana saratani ya damu. Madaktari wamepanga kumpandikiza uboho, na kijana alikuwa na ombi moja tu: mama awe kando ya kitanda.

Mama akaenda Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, kuomba viza. Akanyimwa.

"Binti wa ubalozini aliniuliza nina mali gani," anasimulia. "Nikamwambia, tuna vimbuzi vichache tu, mwanangu, vya kusogezea siku."

"Vichache!" anadakia mumewe, Namjil, akitoka hemani na birika la chai ya chumvi. "Mbuzi mia nane, na kondoo, na farasi! Mama Davaa alitufilisi kwa sentensi moja."

Hapa mkoani Bayankhongor hakuna mfugaji ambaye angejibu vingine. Kutangaza mifugo yako mbele ya mgeni ni utovu wa adabu, na tena ni kuwaitia mkosi. Hata mimi niliyezaliwa humu sijawahi kumsikia jirani akitaja idadi. Ubalozi, kwa upande wake, ulimwona maskini asiye na kitu cha kumrudisha nyumbani.

Kumbe dawa ilikuwa kujisifu. Namjil akajifanya afisa, akakalia kigoda na kukunja uso, na majirani wakaja kutazama mazoezi kama wanaotazama sinema.

"Una mali gani, mama?"

"Zipo kidogo."

"Umenyimwa! Mwingine aingie!"

Dulamsuren anafunika uso akikumbuka. "Nilitamani ardhi inimeze. Nikitaka kutaja mia nane, ulimi unakuwa mzito. Halafu namkumbuka mtoto yuko peke yake kule, basi najikaza, nasema tena."

Siku ya kurudi ubalozini alijisifu mpaka akapitiliza. Alitaja mbuzi, kondoo, farasi, pikipiki, hata mbwa. Akaongeza kwamba Juni lazima awe nyumbani kunyoa kondoo, maana mumewe hajui kushika mkasi. Yule binti alicheka sana, na viza ikatoka.

"La mkasi ni uongo mtupu," ananung'unika Namjil, lakini meno yote yako nje.

Nami nilifurahi kana kwamba mgonjwa ni ndugu yangu. Dulamsuren anaondoka Alhamisi, siku chache kabla ya mwanawe kuanza matibabu hayo. Mkoba umekwisha kufungwa, na atakaa naye hadi aweze kusimama mwenyewe.

Namuuliza kama yuko tayari kumwona alivyobadilika.

"Nimeambiwa nywele zote zimemtoka," anasema, akimfungua mbuzi kamba. "Sawa tu. Tangu azaliwe, kila akirudi nyumbani namnusa utosini, ndilo busu letu wazazi wa huku. Safari hii nitaanzia utosini, nimalizie kisogoni, na hakuna hata unywele mmoja wa kunizuia."