Pumzi ya Moto, Mlima wa Kwale

Siku ile naikumbuka kwa jua lake, mwanangu. Tulikuwa tumetoka Kinango, mimi nimelazwa kiti cha nyuma na uchungu wa mimba ya kwanza, kichwa changu kimepakatwa na mama yangu, Mwanamvua. Usukani ameushika mume wangu, Rashidi. Mkunga alikuwa ameshindwa. Akasema nipelekwe hospitali Msambweni, upesi.

Gari halikuwa letu. Lilikuwa la Mzungu mmoja wa Diani aliyemwajiri Rashidi udereva miaka ile ya hamsini. Gari la mashindano hilo, akamwazima kwa huruma, Mungu amlipe. Mbele ya injini lilikuwa na pampu ya kuishindilia hewa. Mimi sikusoma, lakini hili nalijua, maana Rashidi nyumbani hakuwa na hadithi nyingine. "Ishike pampu ya baiskeli ukishajaza gurudumu," aliniambia. "Si ina moto? Hewa ikibanwa hupata moto." Basi gari lile ndivyo lilivyokuwa. Ukikanyaga mafuta kidogo, injini huvuta hewa ya kadiri ikatulia. Ukikanyaga mpaka chini, pampu huijaza hewa ya moto. Na ikiwa injini yenyewe imekwisha kuchemka, petroli hulipuka kabla ya wakati wake. Injini hugonga. Ukishikilia, pistoni hutoboka.

Ndiyo maana chini ya mlima wa Kwale Rashidi alisimama, akafungua boneti injini ipoe kidogo ndipo apande.

Sasa sikiliza. Kwetu sisi mwanamume hasemi na mama mkwe uso kwa uso. Neno hupita kwa mtu wa tatu. Na siku ile wa tatu nilikuwa mimi.

"Mwambie mumeo," mama akasema, "kwani tumekuja kupunga upepo?"

Rashidi akainama dirishani, macho chini. "Mwambie mama kwamba..."

Uchungu ukanishika, nikapiga ukelele. Neno likamfia mdomoni, kwa kuwa bila mimi kulipokea lingemwendea mkwe moja kwa moja.

Mama, yeye mkubwa, hakujali nani anapokea. "Mwambie punda wa jirani yangu sasa hivi angekuwa Kwale! Au gari la watu analionea huruma kuliko wewe?"

Hapo ndipo alipomvunja. Rashidi akalibamiza boneti, akaingia, akakanyaga mpaka chini. Gari likaruka kama mbuzi. Mama akasema, "Alhamdulillahi, kumbe linaweza!" Halafu nikasikia kugonga, kama mawe ndani ya debe. Rashidi alisikia pia. Niliona shingo yake ikikakamaa. Hakuinua mguu. Katikati ya mlima moshi ukatoka, gari likafa.

Mtoto wangu alizaliwa pale kando ya njia, juu ya leso. Hakulia. Rashidi alisimama nyuma ya gari ametupa mgongo, maana hata saa ile hakuruhusiwa kutazama alipo mkwe wake.

Wenye kosa nawataja. Mama yangu Mwanamvua, kwa ulimi wake. Rashidi, kwa haya zake. Wote wawili wamekwisha kufa, Mungu awarehemu, na sikupata kumsikia hata mmoja akisema "nisamehe." Lakini nikitulia nawaonea huruma. Mama alikuwa anaona bintiye anamponyoka mapajani. Na Rashidi alilelewa kwamba kunyamaza mbele ya mkwe ndiyo adabu. Nani alimfundisha kuwa adabu nayo ina mahali pa kusimama? Mkamia maji hayanywi. Nami sikujaliwa tena kuzaa, ndiyo sababu kila kijana namwita mwanangu.

Basi wewe unayekwenda kuoa, shika hili. Heshimu wakwe, teremsha macho, toa shikamoo yako kamili. Lakini siku roho ya mtu imo mikononi mwako, fungua kinywa, useme: "Mama, niwie radhi, tungoje kidogo." Atakasirika. Mwache akasirike; hasira za mkwe hupoa. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na mimi hakuna haja ya kunieleza. Nawe ukikaa nyuma, usimchome kwa maneno aliyeshika usukani. Muulize kwanza anasikia nini.

Mungu akupe sikio la kusikia kabla hapajagonga, na mguu mwepesi wa kuinuka. Watoto wako wazaliwe wakilia, mwanangu. Wakulilie usiku kucha, ushukuru.