Kazi: Kukaba Watu

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja pale Benaco. Mbele yangu alisimama mtu wa makamo, masikio yake yamevimba na kukunjamana kama uyoga. Karani, binti mdogo, alimwamkia vizuri.

"Shikamoo, baba. Nijaze kazi gani?"

"Marahaba. Nakaba watu."

Binti akauvuta mkoba wake kutoka mezani, akaupakata. Sisi wa nyuma tukarudi hatua moja.

"Unawakabia wapi?"

"Zamani Kigali, Nairobi, hata Ulaya. Sasa nafundisha vijana huko Murusagamba, tukishavuna maharage." Akatoa picha iliyochakaa: yeye mwenyewe, medali tatu shingoni. "Ni mieleka, binti yangu. Hakuna ngumi. Unamkaba mwenzako mpaka akubali kushindwa."

"Akiishiwa pumzi je?"

"Anagonga." Akaipiga kaunta kwa kiganja mara mbili, taratibu. "Akigonga namwachia papo hapo. Miaka yote ya ubingwa wangu, hakuna aliyelazimika kugonga mara ya tatu. Vijana wangu nawafundisha kuachia kwanza. Kukaba ni baadaye."

Karani akafikiri kidogo, akaandika "mkulima". Bingwa akashukuru, akaondoka.

Zamu yangu ilipofika, niliambiwa mtandao umekatika, nirudi kesho. Wiki iliyopita niliambiwa hivyohivyo, siku mbili mfululizo. Nikaigonga kaunta kwa kiganja, mara mbili, taratibu.

"Unataka nini tena?" akauliza karani.

Nikagonga mara ya tatu.