Nilikula Mbuzi wa Kosa Langu Mwenyewe

Nina kosa, na sitafuti wa kunitetea. Nilimvunja mke wangu mkono kwa jambo nililolifanya mimi, tena nikijua. Naficha jina kwa sababu Singida mjini tunajuana, ila atakayenitambua na anicheke tu.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kompyuta za mitumba zimeanza kufika mikoani. Binamu yangu wa Dar es Salaam aliniletea laptop iliyochakaa, nikafungua kibanda karibu na stendi, nachapa barua na kadi za harusi. Humo ndimo zilimokuwa picha za mtoto wetu wa pekee, Iddi, aliyefariki kwa malaria kabla miguu haijakaza. Alipigwa picha kwa kamera ya binamu, zikaingizwa kwenye kompyuta. Kuzisafisha ziwe za karatasi tulikuwa tunasema kesho, kesho.

Mafundi wa siku zile, diski wakishaigawa C na D, walikuwa na wimbo mmoja: vitu vyako weka D. Virusi vikiingia tunafuta C, D haiguswi. Basi nikamweka mwanangu D. Kila Ijumaa mke wangu, Mama Iddi, akishapika, alifungua kompyuta, akamtazama mtoto, akaifunga. Hakujua kufanya kingine humo.

Ndipo rafiki yangu aliyesoma chuo akanipa sidii ya Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Akasema virusi haviiwezi na unaigeuza utakavyo. Nikapagawa, jamani! Leo nabadilisha rangi, kesho herufi, ikigoma kuwaka naiweka upya palepale C. Mama Iddi akawa ananitania kwamba nimeoa mke wa pili anayetumia umeme.

Alhamisi moja niliivuruga kabisa, nikaamua kuiweka upya. Ikaniuliza kama itumie diski nzima. Mimi kichwani nina wimbo wa mafundi, D haiguswi, nikakubali. Mjinga mimi! C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja, na mimi nilikuwa nimeruhusu nyumba yote ibomolewe. Ilipowaka nilimtafuta Iddi kila mahali. Hayupo. Nikaifunga, nikajiambia nitapata la kusema.

Sikupata. Ijumaa natoka msikitini, namkuta mke wangu jikoni, laptop iko mapajani.

“Baba Iddi, mtoto simwoni.”

Nilijua, wallahi nilijua! Lakini mdomo wangu ukamuuliza amebonyeza nini. Akasema hajabonyeza kitu. Nikamzaba kofi akaanguka, ameikumbatia ile mashine. Nikachukua mwiko wa ugali, nikampiga mgongoni mpaka ukakatika. Haiachii. Nikamshika mkono, nikaupinda, nikasikia mfupa ukialika kama kuni kavu. Hapo akaiachia. Nikampiga tena teke, mtu aliyekwisha kuvunjika! Nilipiga ili asiniulize mara ya pili.

Akarudi kwao Ikungi, mkono umefungwa. Nilipomfuata, baba mkwe alituweka kikao na wazee. Nikaeleza kwamba kachezea mashine, kafuta picha za marehemu. Wazee walinikemea kwa kumvunja mkono, lakini wakaona kumpoteza mtoto vile ni kosa kubwa zaidi. Kwa desturi ya pale kwao, upande wenye kosa ndio unaotoa mbuzi, na mkosaji huomba radhi mbele ya watu kabla nyama haijaliwa. Baba mkwe akatoa mbuzi.

Mke wangu akapiga magoti, mkono unaning'inia shingoni kwa kitambaa.

“Nisamehe, Baba Iddi. Nimekupotezea mtoto mara ya pili.”

Nikaitikia kwamba nimemsamehe. Jamani, nikaitikia! Na nyama nikala, nikaongezewa maini kwa heshima ya mkwe.

Tukarudi mjini. Mkono ulipona ukiwa umepinda, na ugali ukawa unamshinda kusonga. Aliniomba nimwite yule rafiki yangu ajaribu kuzitafuta picha, nikawa namzungusha. Siku rafiki alipokuja mwenyewe kunisalimia, Mama Iddi akamwomba. Rafiki akaitazama, akasema, bila kujua anamchoma nani, kwamba hakuna wa kulaumiwa zaidi ya aliyeiweka upya, maana siku ilipowekwa upya ndipo diski yote ilipofutwa.

Mama Iddi akanigeukia. “Kwa hiyo mkono uliuvunja ukijua.”

Nikasema ndiyo. Hakulia. Alifunga kanga zake akaondoka.

Shemeji zangu walikuja kibandani na fimbo za kuchungia ng'ombe. Walinitoa nje mbele ya stendi nzima, wakanitwanga mpaka meno mawili yakabaki mchangani, na laptop wakaipasua kwa jiwe. Watu walipoambiwa sababu, hakuna aliyeamulia. Polisi sikwenda, ningesema nini? Nikatuma mbuzi Ikungi. Baba mkwe akamrudisha njiani, akasema pale kwake mbuzi wangu asikanyage.

Nyie wenye mikono myepesi, nisikilizeni! Ukiharibu, sema umeharibu kabla mkono haujanyanyuka. Aibu yake ingekuwa ya siku moja, tungelia pamoja yakaisha. Msijidanganye kwamba kipigo kinaficha kitu. Mama Iddi anayo sura ya mtoto kichwani mwake. Mimi yangu inaniponyoka, siku nyingine nayapata macho, pua siipati. Anayeweza kunikumbusha mwanangu alifananaje ni mmoja tu duniani, na yeye ndiye niliyempiga ili asiongee.