Kazi Iliyowekwa Pembeni

Watu hudhani karakana ya mawe ya makaburi ni mahali pa huzuni. Waje waone. Kwetu kuna kelele kuliko sokoni, vumbi linaingia hadi kwenye chai, na bosi anaimba kutwa nzima kwa sauti ambayo Mungu hakumpa kwa ajili ya kuimba. Mimi nasugua mawe mpaka yang'ae, na yakishachorwa napaka rangi ndani ya herufi. Bosi anakata mawe na kuongea na wateja. Katikati yetu, kwenye chumba cha vioo chenye mlango usiofunga vizuri, alikaa Bi Nukta na kompyuta yake.

Jina la Bi Nukta tulimpa sisi. Ni mke wa kaka yake bosi, na hakuna maandishi yaliyotoka mikononi mwake bila kumuuliza mfiwa kama pale mwisho paje nukta au pasije. Yeye huandika maneno kwenye kompyuta, kompyuta inaiamuru mashine, na mashine inashusha ncha yake ya almasi kwenye jiwe. Akikosea yeye, tumekosea sote, maana jiwe halina kifutio.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, rangi yake imegeuka manjano kama meno ya mvuta sigara. Mfumo uliokuwa ndani yake ulikwisha kuachwa na waliouunda. Hawautengenezi tena, na ukiwapigia simu wanakuambia nunua mpya. Bosi alimwambia Bi Nukta mara nyingi wabadilishe. Alikuwa anajibu, "Sawa, shemeji," kisha anaendelea na kazi kana kwamba ameambiwa mvua itanyesha.

Wala hakuwa peke yake. Karani wa shule ya jirani alikuwa na mfumo uleule, na dada wa mapokezi pale zahanati vilevile. Walikuwa wanapigiana simu, huyu printa imemkwamia, yule skrini imekuwa ya bluu, na wanapeana dawa kama wagonjwa wa goti wanaokutana kwenye benchi. Karani ndiye aliyekuwa na maneno. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha," alikuwa anasema, na mimi nikimsikia nacheka, kwa sababu lile zimwi lilikuwa limemlia nusu ya majina ya darasa la saba. Kwa karani yalikuwa mazoea tu, na mazoea yana taabu. Dada wa mapokezi alikuwa anaogopa kuonekana hajui. Kwa Bi Nukta kulikuwa na jambo jingine, na nitalisema waziwazi, sina tabia ya kumzungusha mtu.

Mume wake aliaga asubuhi moja anakwenda machimboni kuchagua mawe. Machimboni walisema hakufika. Walimtafuta hospitali, polisi, vyumba vya maiti, hadi miji ambayo hatukuwahi kuisikia. Hakuna nguo, hakuna simu, hakuna mtu aliyesema nilimwona. Midomo haina kufuli, kwa hiyo wapo waliosema ana nyumba nyingine huko, anakula vizuri na kanenepa. Maneno hayo yalimfikia Bi Nukta. Aliyasikiliza huku anakula mkate wake, akamaliza mkate, akakung'uta makombo, akarudi kwenye kompyuta.

Mwaka wa kwanza nilidhani ni ushujaa. Mwaka wa tatu nikajua ni ganzi. Alikuwa anacheka panapochekesha na kununa panaponunisha, lakini kama mtu anayelipa deni la adabu. Wafiwa walikuwa wanalia mbele yake kila siku, naye anawasogezea kiti na maji. Siku moja nilimuuliza kama na yeye huwa analia akiwa nyumbani. "Nilie nini, mzee?" aliniambia. "Anayelia ana habari. Mimi sina habari yoyote."

Mama mkwe wake anaishi nyumba iliyo nyuma ya karakana. Macho yake yamefifia lakini ulimi uko timamu. Huyo ndiye aliyeitisha kikao cha familia akasema mwanawe awekewe jiwe kwenye eneo lao la makaburi, hata kama chini yake hakuna mtu. Alisema amechoka kumwombea bila kujua anamwombea safari au anamwombea mapumziko. Alitaka jiwe kabla na yeye hajalazwa pale. Ndugu wakakubali. Bosi akamwambia Bi Nukta, kwa upole kabisa, kwamba mwenye kuliandika ni yeye.

Akaandika. Jina, jina la baba, tarehe ya kuzaliwa. Ile programu ya kuchora ya zamani ilikuwa na nafasi ya nne, tarehe ya kufa, na pale akasimama. Aandike siku aliyoaga? Siku hiyo alikuwa mzima, alikunywa chai na kulalamika kwamba haina sukari. Aandike siku ya kikao? Siku ya kikao yalikufa matumaini ya mama mkwe, si mumewe. Akaacha tupu.

Sasa ile programu, kazi ikiwa na nafasi tupu, ilikuwa haikubali kuichora wala haikubali kuisahau. Kila asubuhi ukiwasha kompyuta, kabla hujagusa kitu, inakuonyesha ile kazi na kukuuliza: uendelee nayo, au uiweke pembeni? Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chai, kwa hiyo nilikuwa naona. Jina la mumewe linatokea, anaitazama skrini kidogo, anabonyeza weka pembeni. Kisha ndipo anavua koti. Miaka yote ile siku yake ilianza hivyo.

Na kulikuwa na sheria ya karakana, aliyoiweka mumewe mwenyewe baada ya mteja mmoja kutugombeza kwa herufi iliyoruka. Jiwe halichorwi mpaka ndugu wa marehemu aingie chumba cha vioo, ayasome maneno kwa sauti, na abonyeze kitufe kwa kidole chake. Bi Nukta alikuwa amewashika vidole wajane wengi, wengine wanatetemeka, akivielekeza kwenye kitufe. Cha kwake hakukipeleka. Akibonyeza, ni mjane. Asipobonyeza, si mjane wala si mke, na mama mkwe anazidi kuzeeka akisubiri. Hapo ndipo alipokwama, na ule mfumo mkuukuu ulimruhusu akwame. Mpya haungemruhusu, na nadhani alilijua hilo kabla yetu.

Ikafika wiki ambayo kompyuta ilizimika mara mbili katikati ya jiwe. Mara ya pili iliharibu jiwe la bibi mmoja, likabaki na nusu ya jina. Bosi alikuja chumba cha vioo bila kuimba.

"Shemeji, hapa tumefika mwisho," alisema. "Kesho nakuja na mtaalamu. Nimeshamwita."

"Sawa, shemeji."

"Si sawa ile ya kila siku. Hii ni sawa ya kesho."

"Nimekusikia."

Mtaalamu alikuwa binti mmoja mpole, begi mgongoni, anayeeleza jambo mara mbili bila kukasirika. Alileta kompyuta mpya nyembamba kama trei. Kipya kinyemi ingawa kidonda, hata mimi nilisogea kuangalia. Alieleza mfumo endeshi mpya ulivyo, kwamba ni salama, hauingiliwi ovyo na virusi, na programu ya kuchora nayo ni mpya, inafanya mambo mengi bila kuulizwa. Bosi akafurahia hilo la bila kuulizwa. Bi Nukta aliuliza swali moja tu.

"Na kazi zilizowekwa pembeni?"

"Zitahama zote, mama. Hakuna kitakachopotea."

"Hata zisizokamilika?"

"Hata hizo."

Akaitikia kwa kichwa, akampisha kiti. Alisimama ukutani, mikono mfukoni, akitazama ile kompyuta ya manjano inavyochomolewa nyaya. Uso wake haukuonyesha kitu. Ungedhani anasubiri kuitwa kwenye foleni ya benki.

Kwenye kitanda cha mashine nilikuwa nimeshalaza jiwe jeusi, zuri, nililolisugua siku nzima, la mwalimu mmoja mstaafu ambaye familia yake ingekuja mchana kusoma maneno. Mtaalamu akaunganisha waya, akahamisha kazi, akasema tuone kama mashine na kompyuta vinasikilizana. Alidhani programu itauliza. Hata sisi tulidhani hivyo, kwa sababu ya zamani ilikuwa inauliza kila kitu. Ile mpya ilichukua kazi iliyokuwa mbele ya foleni, ile iliyosubiri kuliko zote, ikashusha ncha.

Mimi nilikuwa karibu na jiwe. Niliona herufi ya kwanza na nikajua si ya mwalimu. Bosi naye aliona, maana wimbo ulimkatikia kooni. Kitufe chekundu cha kuzima kiko ukutani, pale pale alipoegemea Bi Nukta. Nikaenda kukibonyeza. Akatoa mkono mmoja mfukoni akanishika kifundo cha mkono.

"Acha, mzee."

"Dada, hilo ni jiwe la mwalimu."

"Mwalimu atapata jingine. Acha limalize."

Hakutumia nguvu, alinishika tu kama anavyomshika mfiwa. Nikaacha. Tukasimama wanne tunaangalia mashine inavyokwenda na kurudi, inapuliza unga mweusi pembeni, jina linatoka herufi baada ya herufi, safi, bila kosa. Likaja jina la baba. Ikaja tarehe ya kuzaliwa. Nilijua sasa itasimama, kwa sababu pale mbele hapakuwa na kitu. Haikusimama. Ilisogea kidogo kulia na kuendelea, na ilipomaliza ikainua ncha na kurudi kona yake.

Mtaalamu aliinama kwenye skrini, akapekua, kisha akamgeukia Bi Nukta. "Mama, nisamehe. Nafasi ilikuwa tupu, na hii programu tarehe ikiwa tupu inajaza ya siku yenyewe. Imeweka ya leo. Sikujua kwamba ni..." Akamtazama bosi, akanitazama mimi, akaelewa kwa nyuso zetu ni jiwe la nani. "Sikujua."

"Hukukosea, mwanangu," Bi Nukta alimwambia. "Wewe umefanya kazi yako."

Bosi alikuwa ameshashika kichwa. "Nitalisaga, shemeji. Nalirudisha kwenye msumeno sasa hivi, nasaga uso wote, hakuna atakayejua."

"Usilisage."

"Lakini hiyo tarehe siyo."

"Ipi ndiyo, shemeji? Niambie, niiandike."

Nilikuwa na hasira, nasema kweli, hasira na kompyuta, na bosi, na yule marehemu au yule aliyenenepa huko, yeyote aliye, kwa kumwachia mwanamke huyu nafasi tupu ajaze peke yake. Lakini Bi Nukta hakuonekana kuwa na hasira. Alichukua kitambaa changu, akalowanisha, akaanza kufuta unga mweusi kwenye jiwe, taratibu, akipita juu ya jina na kurudi. Kisha akaniomba nikamwite mama.

Nikamleta kizee nimemshika kiwiko. Njiani nilimwambia kwamba kuna jiwe, sikusema zaidi. Aliposogezwa kwenye kitanda cha mashine hakujisumbua kukodoa macho. Aliweka vidole kwenye herufi, moja baada ya nyingine, akatamka jina la mwanawe kwa sauti, na jina la mumewe mwenyewe, na siku aliyojifungua. Hakuna aliyekuwa amemwambia sheria ya karakana. Vidole vikafika mwisho, vikazunguka pale, vikarudi.

"Na hapa pameandikwa nini?"

"Siku yake, mama," alisema Bi Nukta.

"Ipi?"

"Ya leo."

Tulisubiri atugombeze. Bosi alikuwa ameanza kufungua mdomo kueleza habari ya programu, nikamkanyaga mguu. Kizee alibaki ameweka vidole kwenye ile tarehe, ambayo kingo zake zilikuwa bado kali kwa kuwa sikuwa nimezipitishia msasa.

"Basi tumefiwa leo," alisema. "Na mimi nilikuwa najiuliza ni lini." Akapapasa hewani mpaka akampata mkwewe begani. "Kaa chini, mwanangu. Mfiwa hasimami."

Bi Nukta akakaa chini palepale, kwenye vumbi, na sketi yake nzuri. Mama mkwe naye akashuka polepole, nikamsaidia, akakaa kando yake na kumwegemeza. Mtaalamu alikuwa ameugeukia ukuta. Nilimtazama Bi Nukta usoni, nikiwa na hakika kwamba sasa machozi yatakuja. Macho yake yalikuwa makavu, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameogopa.

"Mama, siwezi," alisema. "Sikumbuki watu wanavyoanza."

"Nitaanza mimi," alisema kizee, akaanza.